Mgonjwa Asiyelalamika: Kumuuguza Sungura Baada ya Upasuaji wa Kuondoa Kizazi

Kazi yangu ni kuwalaza wagonjwa usingizi ili wapasuliwe, na kuhakikisha kwamba wanaamka salama. Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na katika muda huo nimewafundisha wanafunzi kwamba upasuaji haumaliziki pale uzi wa mwisho unapokatwa. Humalizika pale mgonjwa anapokula, anapotembea na anapopata choo. Somo hilo nililisahau nyumbani kwangu mwenyewe, mbele ya mgonjwa mwenye uzito wa kilo 2, masikio marefu na manyoya meupe, ambaye binti yangu alimpa jina la Pamba.

Huenda msomaji akashangaa kukuta habari za sungura katika jarida linaloshughulikia afya ya binadamu. Sababu zangu ni mbili. Kwanza, zipo familia nyingi zinazofuga sungura, na mnyama anapougua, anayeulizwa mwanzo mara nyingi ni muuguzi, mfamasia au tabibu anayeishi jirani. Jibu lake, hata likitolewa kwa nia njema, laweza kumwua mnyama. Pili, sungura ni mfano wa mgonjwa asiyelalamika. Wodi zetu zina wagonjwa wa namna hiyo: mtoto mchanga, mzee aliyepotewa na kauli, mama aliyeambiwa ajikaze. Anayejifunza kumsoma sungura hatakosa cha kupeleka wodini.

Kwa nini sungura jike apasuliwe

Pamba alikuwa na umri wa miezi 7, na banda la pili lilikuwa na sungura dume. Sungura jike hubeba mimba kwa takriban siku 31 tu, na aweza kushika mimba nyingine ndani ya siku moja au mbili baada ya kuzaa. Mwili wake haungoji mwezi wala msimu: yai huachiliwa kwa sababu ya tendo lenyewe la kupandwa. Familia isiyojiandaa hujikuta na sungura zaidi ya uwezo wake kabla mwaka haujaisha.

Iko sababu nyingine nzito zaidi. Sungura majike wasioondolewa kizazi hupatwa mno na saratani ya mfuko wa uzazi. Katika baadhi ya aina za sungura, tafiti zimeonyesha kwamba zaidi ya nusu ya majike waliovuka umri wa miaka 3 au 4 huwa nayo, na saratani hiyo huweza kusambaa hadi mapafuni. Upasuaji wa kuondoa mfuko wa uzazi na ovari huifuta hatari hiyo, na kwa kawaida hufanywa mnyama akiwa amepevuka lakini bado kijana, kuanzia miezi 5 au 6 hivi.

Hata hivyo, usingizi wa dawa si jambo dogo kwa sungura. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2008 ulikuta kwamba asilimia 1.39 ya sungura waliolazwa usingizi au kupewa dawa za kuwatuliza walifariki, ikilinganishwa na asilimia 0.24 ya paka na asilimia 0.17 ya mbwa. Kilichonigusa zaidi katika takwimu hizo ni wakati wa vifo: zaidi ya nusu ya sungura waliofariki walifariki baada ya upasuaji, si mezani. Kwa maneno mengine, wengi walikuwa wameuvuka mto na kuzama ukingoni. Hapo ndipo mwuguzaji wa nyumbani anapohusika.

Kosa langu la kwanza

Usiku wa kuamkia upasuaji niliondoa nyasi zote bandani. Sikumuuliza mtu. Kwa binadamu ndivyo tufanyavyo: mgonjwa hukaa saa 6 bila chakula kigumu na saa 2 bila maji, kwa sababu anayelala usingizi wa dawa huku tumbo limejaa aweza kutapika na matapishi yakaingia mapafuni. Hatari hiyo ilielezwa kwa kina mwaka 1946 na daktari wa Marekani, Curtis Mendelson, kutokana na akina mama waliokuwa wakijifungua, na tangu hapo imekuwa kama amri katika fani yetu.

Asubuhi daktari wa mifugo aliponiuliza Pamba alikula saa ngapi, nilijibu kwa fahari kwamba hakugusa kitu tangu jana. Alitikisa kichwa. “Daktari,” aliniambia, “sungura hatapiki. Hana uwezo huo. Kumnyima chakula ni kumuumiza.” Aliusogeza mbele upasuaji kwa saa 2, akamwekea nyasi na majani ili utumbo uamke kwanza. Yale niliyoyajua vema kuhusu kiumbe mmoja niliyahamishia kwa kiumbe mwingine bila kuuliza, na huo ndio mzizi wa makosa mengi ya wataalamu.

Usiku wa kwanza

Upasuaji ulikwenda vizuri. Saa 10 jioni tulimrudisha nyumbani akiwa macho, tukiwa na karatasi ya maelekezo na chupa ndogo ya dawa ya maumivu ambayo dozi yake ilipaswa kutolewa saa 3 usiku. Pamba alijikunyata pembeni mwa tenga, akatulia. Hakulia, hakuhangaika. Ilipofika saa 3 nilimtazama, nikajiambia kwamba mnyama aliyetulia hivi hana maumivu, basi kwa nini nimwongezee dawa? Nikairudisha chupa kabatini. Binti yangu aliniambia kwamba nyasi hazijaguswa. Nikamjibu, “Mwache apumzike.”

Saa 11 alfajiri nilisikia hodi mlangoni mwa chumba changu. “Shikamoo, Mama. Pamba hajala, na hajanya hata kimoja. Nimetafuta karatasi yote.”

Mtoto wa miaka 11 alikuwa amefanya ninachowataka wauguzi wangu wafanye: alikagua, akahesabu, akatoa taarifa. Mimi nilikuwa nimetazama utulivu nikauita nafuu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Sungura ni mnyama anayewindwa. Porini, anayeonyesha udhaifu ndiye huliwa kwanza. Kwa hiyo huyaficha maumivu mpaka yatakapomshinda, na yanapomshinda, muda huwa umebaki mchache.

Utumbo usiopaswa kusimama

Ili kuelewa hofu iliyonishika alfajiri ile, yafaa kuujua utumbo wa sungura. Chakula chake cha asili ni nyasi. Nyuzinyuzi ngumu husukumwa haraka na kutoka zikiwa vinyesi vya mviringo, vikavu. Sehemu laini hurudishwa kwenye sekamu, ule mfuko mkubwa ulio mwanzoni mwa utumbo mpana, ambamo bakteria huichachusha na kutengeneza vitamini na protini. Zao la uchachushaji huo hutoka kama vinyesi laini vilivyoshikana, ambavyo sungura huvila moja kwa moja kutoka mkunduni. Msomaji asikirihike, ni sehemu ya mlo wake, na akizuiwa hudhoofika.

Mtambo huo haupaswi kusimama. Maumivu, hofu, baridi, dawa za usingizi na kukaa bila chakula vyote huupunguza mwendo. Utumbo ukipunguza mwendo, gesi hujaa, gesi huleta maumivu, na maumivu humfanya mnyama azidi kukataa chakula. Ini nalo huanza kujaa mafuta. Duara hilo likiachwa lizunguke kwa siku moja au mbili, sungura aliyepona kidonda aweza kufa kwa utumbo.

Pamba alipopimwa asubuhi ile, joto lake lilikuwa nyuzi 37.4, ilhali joto la kawaida la sungura ni kati ya nyuzi 38.5 na 40 za Selisiasi. Tumbo lake lilikuwa laini, halijavimba, na hiyo ilikuwa bahati yetu, kwani tumbo lililovimba na kukaza laweza kuashiria kuziba, na hapo kulisha kwa nguvu ni hatari. Alipashwa joto, akapewa maji chini ya ngozi, akapewa dawa ya maumivu niliyomnyima, kisha akalishwa uji wa nyasi taratibu kwa bomba lisilo na sindano. Jioni alinyakua jani moja la kotimiri kutoka mkononi mwa binti yangu. Saa 12 na nusu vikatoka vinyesi vitano, vidogo kama punje za pilipili manga. Sijapata kukifurahia kinyesi namna ile tangu nilipokuwa daktari wa zamu katika wodi ya upasuaji.

Chakula ni sehemu ya matibabu

Yanayofuata ni yale ambayo mwuguzaji wa nyumbani anapaswa kuyafanya. Kabla ya kuondoka kliniki, aulize maswali matano: mnyama amekula tangu alipoamka? Amepewa dawa gani ya maumivu, na dozi ifuatayo ni saa ngapi? Nyuzi ni za kutolewa au zitayeyuka zenyewe? Dalili zipi zinataka arudishwe? Na usiku nimpigie nani?

Nyumbani, nyasi kavu safi na maji viwe mbele yake muda wote. Sungura aliyezoea bakuli apewe bakuli, asianzishiwe chupa siku ya ugonjwa. Majani anayoyapenda ndiyo ya kumshawishi: kotimiri, majani ya karoti, matembele, au sukuma wiki kidogo. Asipewe mkate, ugali, biskuti wala matunda mengi, kwa kuwa wanga na sukari huvuruga bakteria wa sekamu. Parachichi, vitunguu na chokoleti ni sumu kwake, awe mgonjwa au mzima.

Mtu amtandikie gazeti au taulo safi badala ya maranda, kwa sababu mbili: maranda huingia kidondoni, na juu ya gazeti vinyesi huonekana na kuhesabika. Siku ya kwanza huwa vichache na vidogo. Siku zinazofuata viongezeke wingi na ukubwa. Daftari dogo lenye saa, alichokula, idadi ya vinyesi na dawa aliyopewa lina thamani kuliko kumbukumbu ya mtu aliyekesha.

Akipitisha saa 6 hadi 8 tangu arudi nyumbani bila kula chochote, daktari wa mifugo apigiwe simu, isingojwe kesho. Kama daktari ataelekeza alishwe kwa bomba, mnyama akae kama alivyozoea kukaa, kamwe asilazwe chali. Ncha ya bomba ipitishwe pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele, atiliwe kidogo kidogo na asubiriwe ameze. Haraka hupeleka uji mapafuni.

Kuyasoma maumivu

Mwaka 2012 watafiti walichapisha kipimo cha kuyasoma maumivu ya sungura usoni. Huangalia mambo matano: macho kufumbwa nusu, mashavu kubonyea, umbo la pua kubadilika, ndevu kukakamaa, na masikio kukunjamana na kulala nyuma. Nyongeza yake ni mwili wenyewe: mnyama hujikunja kama mpira, hukandamiza tumbo sakafuni, husaga meno kwa sauti, hukataa kujisafisha na humgeukia mtu mgongo. Msuguano mwepesi wa meno anapopapaswa ni raha. Kusaga kwa nguvu akiwa peke yake ni maumivu.

Dawa ya maumivu itolewe kwa saa, si kwa kusubiri dalili. Anayesubiri sungura aonyeshe maumivu ndipo ampe dawa huwa amechelewa kwa saa kadhaa. Kanuni hiyo naijua vizuri kwa binadamu. Niliipuuza kwa sababu mgonjwa wangu hakuwa na sauti.

Mahali pa kulala na kidonda

Saa za mwanzo mnyama huwa na baridi kwa sababu ya dawa za usingizi. Chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa kitambaa iwekwe upande mmoja tu wa tenga, ili akiona joto limezidi aweze kuisogea mbali. Akishachangamka, katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, hatari hugeuka: joto la hewa likivuka nyuzi 28 au 30 humtesa, kwa kuwa hupoza mwili wake hasa kupitia masikio. Awekwe kivulini, penye hewa, mbali na mbwa, paka, redio na watoto wa jirani.

Kwa siku 10 hadi 14 asiruke wala kupanda vitu. Abebwe kwa nadra, mkono mmoja chini ya kifua na mwingine ukishika makalio. Akirusha miguu ya nyuma bila kushikiliwa aweza kuuvunja uti wa mgongo wake mwenyewe. Kumnyanyua kwa masikio ni ukatili, hata kama tumeuzoea. Dume asiyehasiwa atengwe naye mpaka kidonda kipone. Na iwapo dume naye amehasiwa karibuni, ikumbukwe kwamba aweza kubaki na uwezo wa kuzalisha kwa wiki kadhaa.

Kidonda kitazamwe mara 2 kwa siku bila kushikwashikwa. Wekundu kidogo na uvimbe mdogo siku za kwanza ni kawaida. Usaha, damu inayoendelea, harufu, au mshono unaoachia si kawaida. Kisipakwe spiriti, majivu, dawa ya meno wala mafuta ya aina yoyote; mnyama atalamba kila kilichopakwa. Kola ya shingoni itumike pale tu anapong’ata nyuzi na daktari akishauri, maana humzuia kuvila vile vinyesi laini na mara nyingi humfanya agome kula. Katika nchi ya joto nzi nao ni adui: hutaga mayai penye unyevu, na funza hula nyama hai. Sehemu ya nyuma ikaguliwe kila siku, na tandiko lililolowa libadilishwe mara moja.

Dawa za watu zibaki kwa watu

Nawaomba wenzangu wa maduka ya dawa walizingatie jambo hili kuliko yote. Sungura asipewe amoksilini, ampisilini wala klindamaisini ya kumeza. Dawa hizo, ambazo mtoto wa binadamu huzimeza na kupona, huwaua bakteria wema wa sekamu, zikawaachia nafasi bakteria wenye sumu, na mnyama hufa kwa kuhara ndani ya siku chache. Dawa ya viroboto yenye fiproni, inayotumiwa kwa mbwa, nayo ni hatari kwake. Jibu sahihi kwa mteja anayeulizia dawa ya sungura ni moja: nenda kwa daktari wa mifugo.

Wakati wa kumkimbiza kwa daktari

Asingojewe sungura ambaye hajala wala kunya kwa saa 12, ambaye tumbo limevimba na kukaza, anayepumua kwa mdomo wazi, ambaye masikio yamekuwa ya baridi na mwili umelegea, anayeharisha maji, au ambaye mshono wake umefunguka. Sungura kwa kawaida hupumua kwa pua pekee. Akifungua mdomo kutafuta hewa, hali ni mbaya sana.

Aliyonifunza Pamba

Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini Pamba hakuficha kwa ujinga, aliumbwa hivyo. Jukumu la kufichua lilikuwa langu. Jumatatu niliporudi kazini nilipita wodi ya akina mama waliojifungua kwa upasuaji. Kitanda cha tatu alilala mama kijana, kimya, uso ukutani. Faili lilisema “ametulia”, na dozi yake ya saa 12 asubuhi haikuwa imewekewa alama. Siku nyingine ningepita. Safari hii nilivuta kiti, nikamuuliza amekula nini tangu jana, amesimama mara ngapi, amepata choo au hewa? Akanijibu kwa sauti ya chini, “Nimeshindwa hata kugeuka, Daktari. Sikutaka kuwasumbua.” Alipewa dawa yake, na mchana aliketi kitandani akanywa uji.

Pamba ana mwaka sasa. Kidonda hakionekani tena chini ya manyoya, na kila asubuhi hugonga bakuli lake kudai majani. Binti yangu bado hukagua gazeti kila asubuhi. Hesabu huiandika kwenye daftari lake la shule, ukurasa wa mwisho, na mimi huisoma na kutia sahihi kabla ya kwenda kazini.